Chupa Moja, Miezi Minne: Uchambuzi wa Kisa cha Mafuta ya Jua katika Mwalo wa Igombe

Mwanamke huyu ana umri wa miaka 36, ana ualbino, na kwa miaka 11 amekuwa akinunua dagaa wabichi kwa wavuvi wa mwalo wa Igombe, kaskazini mwa jiji la Mwanza, akiwaanika na kuwauza kwa ndoo kwa wachuuzi wanaowapeleka Kirumba. Aliingia dukani kwangu, ambalo ni duka la dawa muhimu, jioni moja ya mwezi wa tatu, akiwa amejitanda kitenge hadi puani. Alipokiteremsha niliona kwamba nyuma ya masikio na shingoni pamekuwa pekundu, mdomo wa chini umepasuka, na kwenye ukingo wa sikio la kushoto kuna kidonda kidogo chenye gaga, ukubwa wa punje ya mahindi. Mkononi alikuwa na chupa tupu ya mafuta ya jua. Aliiweka mezani akasema, “Dada, haya mafuta yako yameishiwa nguvu.” Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa yake, jina lake nimelificha, na niseme mapema kwamba chupa ile niliiuza mimi.

Lalamiko lake lilikuwa fupi na lililoeleweka: kwa miezi minne amejipaka mafuta kila asubuhi bila kukosa hata siku moja, na bado jua linamuunguza kama asiyejipaka. Alikuwa na majibu mawili tayari, kwamba mafuta ni bandia au yamekwisha muda wake. Tuligeuza chupa pamoja. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado mwaka mzima mbele, na maandishi yalikuwa safi, hayana makosa ya tahajia ambayo mara nyingi huumbua bidhaa za kughushi. Nilitoa chupa nyingine ya toleo lilelile iliyokuwa rafuni, nikaifungua, nikailinganisha na tone lililobaki katika yake, na rangi na harufu vilikuwa sawa. Mafuta hayakuwa bandia, na jambo hilo lilinitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kama kosa halimo katika bidhaa basi limo katika matumizi, au katika ushauri wa aliyeiuza.

Kabla ya kwenda huko nilimuuliza maswali ambayo mtu yeyote anayeuza dawa anapaswa kumuuliza mtu aliyeungua na jua kuliko kawaida yake. Je, katika wiki hizo alikuwa anameza doksisaiklini, dawa ambayo huifanya ngozi ishindwe kuvumilia jua? Hakuwa. Je, alikuwa anakamua ndimu wakati wa kuparua samaki, kisha anatoka juani bila kunawa? Maji ya ndimu yana kemikali ambayo ikikutana na mwanga wa jua huchoma ngozi na kuacha mabaka meusi au malengelenge, na wanawake wa mwaloni huyapata mabaka hayo vidoleni wasijue yametoka wapi. Alisema sato na sangara hawashughulikii, kazi yake ni dagaa tu, na dagaa hawatiwi ndimu. Krimu za mkorogo hajawahi kuzigusa, na swali hilo lilimchekesha. Njia hizo tatu zikafungwa, tukarudi kwenye chupa.

Kwenye lebo, chini ya picha ya mnazi na machweo, paliandikwa SPF 6. Namba hii hueleza ni kiasi gani cha mionzi inayounguza ngozi kinachopita kwenye tabaka la mafuta: SPF 6 hupitisha moja ya sita, yaani karibu asilimia 17, na SPF 30 hupitisha moja ya thelathini, yaani asilimia 3 na kidogo. Kwa maneno mengine, ngozi iliyopakwa mafuta yale hupokea mionzi mara tano ya ile iliyopakwa losheni ya 30, hata kama zote mbili zimepakwa kwa usahihi. Mafuta ya namna ile hutengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi ambao wakienda ufukweni hutaka ngozi zao zibadilike rangi taratibu, ziwe za kahawia, bila kubabuka siku ya kwanza. Kazi yake ni kulikaribisha jua kwa kiasi. Kumuuzia mtu mwenye ualbino mafuta hayo ni sawa na kumuuzia mvuvi wavu uliotoboka kwa kuwa una rangi nzuri, na nilimuuzia kwa sababu msambazaji alikuja nayo katika kundi la “mafuta ya jua” nami nikayapanga rafuni kwa jina hilohilo bila kusoma namba. Jina la Kiswahili ndilo lililotuponza sote wawili, kwa kuwa “mafuta ya jua” halisemi kama ni ya kulizuia jua au ya kulifuata.

Lakini kosa langu halielezi kisa chote. Nyumbani alikuwa na losheni nyingine, ya SPF 30, aliyoipata kliniki ya ngozi, ile inayotengenezwa Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC mahususi kwa watu wenye ualbino. Alikuwa nayo, na aliiacha. Sababu zake nilizisikiliza kwa makini kwa kuwa zilikuwa na akili ndani yake: losheni ile ni nzito, hukaa usoni kama unga, na mikono yenye losheni ikishika dagaa, mteja hulalamika. Mafuta ya chupa huteleza, huingia upesi, hung'arisha ngozi iliyokauka kwa upepo wa ziwa, na yana harufu nzuri kuliko dagaa. Yeye aliyapima mafuta kwa kigezo tunachotumia wote tunaponunua mafuta ya kupaka, yaani ngozi inajisikiaje baada ya kupakwa. Kwa bahati mbaya kinga ya jua haina hisia. Ngozi laini inayong'aa na ngozi iliyokingwa ni vitu viwili tofauti, na mafuta matupu, yawe ya nazi, ya nyonyo au ya mgando, hulainisha bila kukinga kwa kiwango kinachomfaa mtu anayefanya kazi juani.

Ilibainika pia kwamba kabla ya kuiacha losheni alikuwa ameanza “kuiongeza”. Aliichanganya na mafuta ya mgando nusu kwa nusu katika kopo la zamani ili imfikishe kliniki inayofuata. Ni desturi ya kubana matumizi ambayo nimeikuta kwa wateja wengi, na mimi siicheki, lakini ukipunguza kikingio kwa nusu hubaki na losheni nusu ya ile uliyopewa, na kwa kuwa mchanganyiko wa kijiko haulingani kila mahali, sehemu moja ya uso hupata kinga na nyingine hupata mgando mtupu. Mahali pa mafuta ya mgando ni usiku, baada ya kuoga, ngozi inapohitaji kurudishiwa unyevu wake. Huko yanafanya kazi kuliko losheni nyingi za bei.

Nilipomuuliza kwa nini aliamini mafuta ya chupa kwa miezi minne ikiwa hayakumkinga, jibu lake ndilo sehemu ya kisa hiki inayonivutia zaidi. Alisema wiki ya kwanza yalimkinga kabisa. Hakuungua hata kidogo, na kwa ushahidi huo aliacha losheni. Nikamuuliza alinunua lini. Hakukumbuka tarehe, ila alikumbuka kwamba ilikuwa mbalamwezi, kwa sababu ndipo anapopata muda wa kuja mjini. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, na taa huwavuta pale tu ambapo anga ni jeusi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, mitumbwi huvutwa mchangani, na wanaoanika hawana cha kuanika. Kwa hiyo wiki ile ya majaribio alikuwa nyumbani, akifua na kusuka, chini ya paa. Kilichomkinga kilikuwa mbalamwezi, na chupa ikachukua sifa. Giza, yaani majuma ya usiku usio na mbalamwezi, liliporudi naye akarudi juani, alikwisha kuyaamini mafuta, na kila alipoungua alitafuta sababu nyingine: jua la mwaka huu ni kali, amelala vibaya, maji ya kunywa hayatoshi. Kisha mwezi unapevuka tena, anapumzika, ngozi inapoa, imani inarudi. Mtu anaweza kudanganywa hivyo kwa miaka.

Jambo la pili lililofichika lilikuwa katika hesabu, na hapa ndipo alipojisifia bila kujua. Alisema chupa ile, ya mililita 200, ilimtosha miezi minne kwa kuwa yeye si mfujaji. Tukahesabu. Kila mwezi hufanya kazi siku 20 hivi, kwa hiyo miezi minne ni siku 80, na mililita 200 ukizigawa kwa 80 unapata mililita mbili na nusu kwa siku, ambayo ni nusu ya kijiko cha chai. Nusu kijiko hicho alikisambaza usoni, masikioni, shingoni, mikononi kuanzia kiwiko na miguuni kuanzia goti. Namba ya SPF iliyo kwenye lebo hupimwa maabara kwa miligramu mbili za losheni kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, na kipimo hicho kikiletwa nyumbani, uso pamoja na shingo na masikio peke yake huhitaji nusu kijiko, mikono kuanzia kiwiko nusu kijiko kingine, na miguu kuanzia goti kijiko kizima. Jumla ni vijiko viwili, mililita 10, kila unapojipaka. Akijipaka mara tatu kwa siku, ambacho ni kiasi cha chini kwa mtu aliye juani tangu asubuhi hadi alasiri, ni mililita 30. Yeye alitumia sehemu moja ya kumi na mbili. Hata ingekuwa losheni bora kuliko zote duniani, tabaka jembamba kiasi hicho lingempa kinga ndogo sana kuliko namba iliyoandikwa. Tangu siku ile nimekuwa nikimuuliza kila anayenunua losheni ya jua kwamba ile ya mwisho ilidumu muda gani, na anayejibu “muda mrefu” ndiye ninayemkalisha kwenye kiti.

Alinikatiza hapo. Mililita 30 kwa siku maana yake chupa ya 200 haimalizi hata siku ya saba, na hakuna mwanika dagaa anayeweza kununua chupa tatu kwa mwezi. Ni kweli, na mshauri anayetamka “jipake kwa wingi mara kwa mara” bila kufanya hesabu hiyo anamwambia maskini asiyoyaweza. Jibu letu lilitoka kwenye nguo. Ukivaa shati zito la mikono mirefu, suruali chini ya kitenge na soksi, ngozi inayobaki wazi ni uso, masikio, shingo na migongo ya viganja: nusu kijiko cha kwanza, na robo kijiko ya viganja. Mara tatu kwa siku ni mililita 11 na kidogo, na chupa ya mililita 200 inafika siku 17 au 18, ambazo ni karibu giza zima. Hesabu hiyo aliielewa kabla sijaimaliza, kwa sababu yeye hupanga maisha yake yote kwa giza na mbalamwezi. Chupa moja, giza moja. Nguo yenyewe ipimwe kwa kuinyoosha mbele ya dirisha: ukiona mwanga unapenya kati ya nyuzi, jua nalo litapenya, na kanga iliyolowa hupitisha zaidi ya kavu.

Tukaingia kwenye saa. Yeye hujipaka saa kumi na moja alfajiri, gizani, kabla ya kwenda kupokea mitumbwi. Saa moja asubuhi dagaa wamekwisha kutandazwa, saa nne huwageuza mara ya kwanza, saa nane mara ya pili, na saa kumi huwakusanya. Losheni inapaswa kurudiwa kila baada ya saa mbili hivi, na mapema zaidi ukitoka jasho au ukiingia majini, naye huosha dagaa akiwa amesimama ziwani maji yakimfika magotini, na hujifuta uso kwa ncha ya kanga kila mara. Ifikapo saa nne, mafuta ya alfajiri yako kwenye kanga. Tena aliamini kwamba saa nane jua limekwisha kuvunjika nguvu. Labda kwa Dar es Salaam imani hiyo ina msingi kidogo, lakini Mwanza iko magharibi, kwenye longitudo 33, huku saa zetu zikifuata longitudo 45, kwa hiyo jua la Mwanza hufika juu kabisa karibu saa saba kasoro dakika 12. Jua la saa nane mchana ni sawa na la saa tano na nusu na dakika chache. Nilimpa kipimo ambacho hakihitaji saa wala simu: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua linaunguza. Mwanza hali hiyo huanza muda mfupi kabla ya saa nne na kuisha karibu na saa kumi, na katikati ya Machi, pamoja na mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, kivuli kikabaki miguuni. Alikuja dukani katika majuma hayohayo. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na anga lilikuwa na mawingu, jambo lililomfanya alegee zaidi, ilhali mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ikiwa nyembamba zaidi mionzi huongezeka, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

Mchanga mkavu nao hurudisha juu sehemu ya mionzi, karibu asilimia 15, na ndiyo maana chini ya kidevu chake palikuwa pekundu ingawa alivaa kofia. Kofia yenyewe ilikuwa ya kapelo, yenye kikinga macho mbele tu. Masikio na kisogo havikuwa na mwenyewe.

Kuhusu lile sikio sikutoa ushauri wowote wa mafuta. Kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi mmoja kwa mtu mwenye ualbino si cha kupakwa kitu dukani, kwa sababu saratani ya ngozi huwaanza watu hawa mapema, na mara nyingi huanzia kichwani na shingoni, mahali ambapo jua halikosi. Alisema kilianza kabla ya Krismasi. Nilimwandikia karatasi aende kwa daktari wa ngozi katika hospitali ya Bugando wiki hiyohiyo, naye alitaka kusubiri mbalamwezi ili asipoteze siku za kazi. Tulibishana, nikiri kwamba nilipandisha sauti, na alikwenda Alhamisi. Daktari alisema ni badiliko la ngozi lililosababishwa na jua ambalo halijawa saratani, akaliunguza kwa baridi ya naitrojeni, na akampa tarehe ya kurudi. Alipata losheni ya Moshi pia, safari hii bila kopo la kuchanganyia.

Nimemfuatilia kwa magiza matatu tangu hapo. Giza la kwanza alirudia kujipaka saa nne na saa nane wakati wa kugeuza dagaa, akitumia kijiko cha chai alichokifunga kwa uzi kwenye chupa, na uwekundu wa shingo ulipungua, ila viganja viliendelea kuungua kwa sababu aliogopa kugusa dagaa akiwa na losheni. Giza la pili akaanza kutumia reki ndogo na glavu kuwageuzia. Chupa aliyokuwa akiiacha juu ya turubai juani, ambako losheni hupashwa moto hadi ikajitenga maji na mafuta, sasa hukaa kivulini ndani ya ndoo yenye kitambaa kilicholowa. Pama aliyoishonea kamba ya kidevuni, kwa kuwa upepo wa alasiri kutoka ziwani hauna huruma na kofia, aliipata giza la tatu. Jirani yake, ambaye hana ualbino, alikuja kuniuliza kama naye anahitaji kijiko, nikamwambia ngozi yake nyeusi ina kinga ya asili ambayo rafiki yake hakuzaliwa nayo, ila yale mabaka ya mashavuni aliyoyapata wakati wa ujauzito hayatafifia akiendelea kukaa juani uso wazi, kwa hiyo aanze na pama.

Yapo ambayo hayajakaa sawa. Mdomo wa chini bado unapasuka, kwa kuwa losheni ya mdomoni huliwa pamoja na chai ya saa nne, na kupaka tena hukumbuka siku moja na kusahau siku mbili. Anataka kuanika kwenye vichanja vilivyoinuliwa badala ya turubai, ambavyo vingempa kimo cha kufanyia kazi akiwa amesimama chini ya kibanda cha makuti huku dagaa wenyewe wakikaa nje, na dagaa wasiogusa mchanga hupata bei nzuri zaidi, lakini mbao na nyavu za vichanja hivyo zinagharimu mapato ya magiza kadhaa na mwenye eneo hajakubali nguzo zichimbiwe. Mimi kwa upande wangu nilizitoa rafuni zile chupa 9 za SPF 6 zilizokuwa zimebaki. Msambazaji alikataa kuzipokea, akasema hazina kasoro, na kwa kweli hazina. Ziko chini ya meza.